Archimedes na Akisami ya 22/7

Ni mwanafunzi yupi aliyepitia shule zetu asiyeijua 22/7? Huikariri tangu shule ya msingi, akaitumia kutafuta mzingo na eneo la duara, kisha akaondoka shuleni akiamini kwamba hiyo ndiyo pai yenyewe. Imani hiyo ni potofu, na anayefaa zaidi kutuonyesha upotofu wake ni yule yule tunayemshukuru kwa akisami hiyo: Archimedes.

Archimedes alizaliwa yapata mwaka wa 287 K.K. mjini Syracuse, mji wa Wagiriki katika kisiwa cha Sicily. Babake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Archimedes mwenyewe aliandikiana na wataalamu wa Alexandria, nchini Misri, akiwemo Eratosthenes, maarufu kwa kuukadiria mzingo wa dunia. Wengi humkumbuka kwa mitambo ya vita aliyoiunda, lakini sifa yake kuu imo katika hisabati.

Katika andiko lake fupi kuhusu upimaji wa duara, alithibitisha kwamba eneo la duara ni sawa na eneo la pembetatu yenye pembe mraba, ambayo kimo chake ni nusukipenyo cha duara na kitako chake ni mzingo wake. Fomula tunayowakaririsha watoto, yaani pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo, imejificha humo.

Kisha akautafuta uwiano wa mzingo na kipenyo. Alichukua umbo la pande sita ndani ya duara na jingine nje yake, akawa anaziongeza pande hizo maradufu: 12, 24, 48, hadi 96. Hatua kwa hatua duara likabanwa katikati. Akahitimisha kwamba uwiano huo unazidi 3 na 10/71, lakini haufiki 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 yetu. Yote hayo aliyafanya bila tarakimu tunazotumia leo, wala nukta ya desimali.

Hapa ndipo mimi, mwanaisimu, ninapoguswa. Archimedes hakudai kwamba pai ni 22/7. Alionyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Katika duara lenye kipenyo cha kilomita 1, anayetumia 22/7 huuzidisha mzingo kwa zaidi ya mita 1. Isitoshe, katika miaka ya 1760 Johann Lambert alithibitisha kwamba hakuna akisami yoyote, hata iwe ndefu namna gani, inayoweza kuwa sawa na pai.

Mwaka wa 212 K.K. Warumi waliuteka mji wa Syracuse. Inasimuliwa kwamba jemadari wao, Marcellus, alikuwa ameamuru mtaalamu huyo asidhuriwe, ila askari mmoja akamuua. Kaburi lake lilipambwa kwa tufe ndani ya mcheduara, kwa kuwa alikuwa amethibitisha kwamba ujazo wa tufe ni theluthi mbili za ujazo wa mcheduara unaolizunguka. Mwaka wa 75 K.K. Cicero alilikuta kaburi hilo limefunikwa na miiba, na wenyeji wa mji hawakujua kwamba lipo.

Sisi nasi tumeyafunika mawazo yake kwa miiba ya kukariri. Tunawapa watoto jibu huku tukiwanyima njia iliyolizaa. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kuandika fomula ubaoni, wape wanafunzi uzi na mkebe, wapime mzingo na kipenyo, wagawanye wenyewe. Nanyi wanafunzi, mnapoandika 22/7, msiweke alama ya usawa pasi na kufikiri. Semeni kwamba ni karibu na pai. Kufanya hivyo ni kusema kweli, na ndivyo alivyofanya Archimedes.