Rodolphe Töpffer: Mwalimu aliyezaa hadithi za katuni kwa mstari wa kalamu

MSOMAJI wa gazeti anayefunua ukurasa wa vibonzo kabla ya habari nzito, na kijana anayechora visa vyake usiku na kuviweka kwenye intaneti bila kulipwa hata senti, wana babu mmoja ambaye wengi wao hawajapata kulisikia jina lake. Babu huyo ni Rodolphe Töpffer, mwalimu wa mjini Geneva, Uswisi, aliyefariki dunia Juni 8, 1846 akiwa na umri wa miaka 47.

Töpffer hakuwa mchoraji wa kuajiriwa. Alichora kwa ridhaa, baada ya saa za kazi, akijifurahisha mwenyewe na kuwafurahisha wanafunzi wake. Hata hivyo, wanahistoria wengi wa sanaa hiyo humtaja kuwa ndiye baba wa hadithi za katuni kama zinavyojulikana leo, yaani picha zilizopangwa moja baada ya nyingine ndani ya visanduku, zikiwa na maneno chini yake, na picha na maneno vikisimulia kisa kimoja kwa pamoja.

Lakini urithi wake si vitabu peke yake. Aliacha pia jibu la swali linalomsumbua kila anayeshika kalamu mbele ya karatasi tupu: kisa hutoka wapi?

Macho yaliyomnyima ndoto

Töpffer alizaliwa Geneva Januari 31, 1799. Baba yake, Wolfgang-Adam Töpffer, alikuwa mchoraji mashuhuri wa mandhari na maisha ya watu wa kawaida, na aliwahi pia kuchora vikatuni vya kejeli. Mtoto alikulia katikati ya rangi na turubai, na hakuwa na shaka kwamba naye angeifuata njia hiyo ya baba yake.

Mambo hayakwenda hivyo. Alipofikia ujana, maradhi ya macho yalimshika na kumfungia mlango wa uchoraji wa rangi, kazi inayodai kukodolea macho turubai kwa wiki na miezi. Mwaka 1819 alikwenda Paris, Ufaransa, na mwaka uliofuata alirejea kwao akiwa amekwisha kuiaga ndoto yake. Akashika chaki badala ya brashi.

Mwaka 1823 alimwoa Anne-Françoise Moulinié, na hakuchelewa kufungua shule yake mwenyewe ya bweni kwa wavulana. Mwaka 1832 akateuliwa kuwa profesa wa balagha katika Akademia ya Geneva. Kwa nje alikuwa mtu aliyefanikiwa: mwalimu mwenye heshima, mume na baba, mwandishi wa hadithi fupi na insha. Ndani yake, mchoraji hakuwa amekufa.

Macho mabovu yalimkataza rangi, lakini hayakumkataza mstari. Mchoro wa kalamu ya wino hauhitaji miezi. Mistari michache hutosha kuonyesha pua, kidevu na tumbo la mtu, na mengine huachiwa jicho la msomaji liyajazie. Kile kilichoonekana kuwa mabaki ya kipaji kilichovunjika ndicho kilichokuja kuwa kipaji chenyewe.

Wasomaji wa kwanza ni wanafunzi

Jioni, masomo yakiisha, mwalimu huyo alikaa na kuchora huku wavulana wa bweni wakiwa karibu naye. Ndivyo kilivyozaliwa kisa cha Monsieur Vieux Bois mwaka 1827. Ni habari ya bwana mmoja aliyempenda mwanamke mnene hadi akachanganyikiwa, akawa anamkimbilia, anampoteza na kumpata tena, na kila anapokata tamaa na kutaka kujitoa uhai, jambo la kipuuzi linamwokoa. Kila baada ya msukosuko, kabla ya kuanza upya, bwana huyo hubadilisha shati.

Kituko hicho cha shati kinaonyesha namna Töpffer alivyokuza wazo. Hakuwa akitafuta jambo jipya katika kila picha. Alichukua jambo moja dogo, akalirudia baada ya hatua kadhaa, kisha akalirudia tena mahali ambapo msomaji amekwisha kulisahau. Mara ya kwanza ni tukio tu. Mara ya tatu ni kicheko. Alifanya vivyo hivyo kwa Monsieur Jabot, mpenda makuu anayejipenyeza katika jamii ya wakubwa: kila akiaibika, hujinyoosha na kujiweka upya katika mkao wake wa kifahari.

Wavulana wale walikuwa mizani nzuri, kwa kuwa mtoto hacheki kwa adabu. Kisa kikimchosha, huondoka.

Mwalimu naye alijifunza kutoka kwao. Kila mwaka aliwatembeza kwa miguu katika milima ya Alps, akiandika na kuchora yaliyowapata njiani: mvua, nyumba za wageni zenye vitanda vibovu, wasafiri wenye majivuno. Kumbukumbu za safari hizo zilichapishwa Paris mwaka 1844 katika kitabu kilichompatia jina kubwa, Voyages en zigzag. Hivyo aliokota visa kwa macho yale yale mabovu, mchana akitembea na usiku akichora.

Uso kwanza, kisa baadaye

Mwaka 1845, karibu na mwisho wa maisha yake, Töpffer aliandika kijitabu kuhusu nyuso za binadamu na namna ya kuzichora. Humo alieleza siri ya kazi yake kwa uwazi ambao wachoraji wengi huuficha.

Alieleza kwamba kisa cha Monsieur Crépin hakikuanza na wazo. Kilianza na uso. Siku moja alichora uso kwa kubahatisha, bila kukusudia kumchora mtu yeyote, na alipoutazama akaona kwamba yumo mtu ndani yake, mwenye tabia yake na udhaifu wake. Kilichobaki kilikuwa kumuuliza maswali. Huyu ni nani? Ana mke wa namna gani? Ana watoto wangapi, na anawalea vipi?

Majibu yakazaa kitabu kizima. Crépin akawa baba wa watoto 11 anayehangaika kuwatafutia mwalimu bora. Kila mwalimu anakuja na mbinu yake ya ajabu na kila mbinu inavuruga nyumba, akiwamo bingwa mmoja anayedai kusoma tabia za watoto kwa kupapasa manundu ya vichwa vyao. Elimu hiyo ya mafuvu ilikuwa ikiaminiwa na wengi zama hizo. Töpffer, aliyeishi na watoto wa watu kila siku, aliiona kuwa upuuzi, na kejeli yake ilitoka katika kazi aliyoijua.

Hapo ndipo ulipo uzito wa funzo lake. Bahati ilimpa uso tu. Kilichoujaza uso huo ni miaka ya kufundisha, kuwavumilia wazazi na kuzisikiliza nadharia za malezi. Angekuwa mtu mwingine, uso ule ule pengine ungezaa kisa kingine, au usingezaa chochote.

Katika kijitabu hicho alifundisha pia kwamba uso wowote uliochorwa, hata ukichorwa vibaya namna gani, hauwezi kukosa kusema kitu. Alitenganisha alama za kudumu za uso, kama vile paji, pua na kidevu, zinazoonyesha tabia ya mtu, na alama za kupita, kama vile kicheko, kilio na hasira. Akashauri kuchora uso mmoja mara nyingi, kila mara ukibadilisha mstari mmoja tu na kutazama mtu mpya anayejitokeza. Kwa njia hiyo asiyesomea uchoraji anaweza kuanza leo, kwa kalamu na karatasi alizonazo.

Baada ya uso, sababu huvuta matokeo, na matokeo huwa sababu mpya. Katika Monsieur Pencil, mchoraji anachora mandhari na upepo unaipeperusha karatasi yake. Jambo dogo kama hilo linaviringika kutoka mkono hadi mkono, kutoka kosa hadi kosa, hadi Ulaya inakaribia kuingia vitani.

Mzee wa Weimar

Kwa miaka kadhaa michoro hiyo ilibaki katika madaftari, ikizunguka miongoni mwa marafiki. Mmoja wao, Frédéric Soret, raia wa Geneva aliyekuwa mlezi wa mwana wa mfalme huko Weimar, Ujerumani, ndiye aliyempelekea Johann Wolfgang von Goethe baadhi ya madaftari hayo majira ya baridi ya mwaka 1830 kuelekea 1831.

Goethe, bingwa wa fasihi ya Kijerumani, alikuwa na umri wa miaka 81 na hakuwa mpenzi wa vikatuni vya kejeli. Lakini alicheka. Alizitazama kurasa chache kwa wakati mmoja, akapumzika, kisha akaendelea, akihofia kulemewa na wingi wa mawazo yaliyomo. Akaona kwamba kijana huyo, kama angechagua mada nzito zaidi, angefanya makubwa kupita kiasi. Goethe alifariki Machi 1832, lakini sifa zake zilikuwa zimekwisha kufika Geneva.

Hata hivyo Töpffer alisita. Profesa wa Akademia, katika mji wa Kiprotestanti uliothamini staha, angeonekanaje akijulikana kwa picha za mabwana wanaoanguka na kukimbizana? Monsieur Jabot alichapwa mwaka 1833 lakini hakutolewa hadharani hadi mwaka 1835, na vitabu vyake vya picha vilitoka bila jina lake kamili.

Alichagua njia ya uchapaji iliyomfaa mtu wa hali yake. Badala ya kumpa fundi michoro aichonge upya, alichora kwa wino maalumu juu ya karatasi iliyotayarishwa, kisha karatasi hiyo ikagandamizwa juu ya jiwe la kuchapia. Mstari ukatoka kama mkono wake ulivyouacha, na mwandiko wake chini ya picha ukatoka hivyo hivyo. Picha na neno vilizaliwa na mkono mmoja. Mwenyewe alieleza kwamba michoro bila maneno ingekuwa na maana hafifu, na maneno bila michoro yasingekuwa na maana kabisa.

Hakuwa na haraka. Vieux Bois aliyechorwa mwaka 1827 alichapwa mwaka 1837. Docteur Festus wa mwaka 1829 alisubiri hadi mwaka 1840. Monsieur Cryptogame wa mwaka 1830 alitoka mwaka 1845, yaani baada ya miaka 15. Vitabu vyake vya picha vilivyochapishwa enzi za uhai wake havizidi saba.

Vyaibiwa, vyasambaa

Mafanikio yalikuja na wezi. Mwaka 1839 nyumba ya uchapaji ya Aubert mjini Paris ilinakili vitabu vyake bila ridhaa yake na kuviuza. Töpffer alijibu kwa kuchora upya Vieux Bois mwaka huo huo na kuongeza picha.

Wizi huo ulivuka bahari. Mwaka 1841 kisa hicho kilitolewa London kwa Kiingereza, shujaa akipewa jina la Obadiah Oldbuck, na Septemba 1842 kikachapwa New York kama nyongeza ya gazeti. Toleo hilo hutajwa kuwa ndicho kitabu cha kwanza cha katuni kuchapishwa Marekani.

Wakati visa vyake vikisafiri, mwenyewe alikuwa akififia. Macho yalizidi kudhoofu na mwili ukaandamwa na maradhi. Jarida la L'Illustration la Paris lilipotaka kumchapisha Cryptogame mwaka 1845, michoro ilipaswa kuandaliwa upya kwa ajili ya kuchongwa katika mbao. Kazi hiyo alikabidhiwa mchoraji kijana wa Kifaransa aliyejulikana kwa jina la Cham. Mtu aliyetetea maisha yake yote mstari wa mkono wake mwenyewe alilazimika kuuona kisa chake kikitembea kwa mkono wa mwingine.

Alitafuta tiba hadi katika maji ya Vichy, Ufaransa, lakini hayakumponya. Mwaka uliofuata alifariki dunia mjini kwao Geneva.

Pengine angeshangaa kujua anakumbukwa kwa lipi. Riwaya na insha zake leo zinasomwa na wachache. Michoro aliyoisitasita ndiyo iliyokuwa chimbuko la sanaa inayosomwa duniani kote, katika magazeti, vitabu na simu za mkononi. Na ushauri aliouacha mwaka 1845 haujachakaa: asiye na wazo asikae akilingoja, bali achore uso mmoja, autazame vizuri, kisha aanze kuuliza huyo ni nani.