Félix d'Herelle: Mwamba bila shahada aliyegundua virusi vinavyopasua bakteria

Ukiwa kijana wa Kangema na umeamua kufuga kuku, kuna asubuhi moja ambayo hutaisahau. Unafungua banda na kukuta wawili wamekufa, wengine wamejikunyata, mbawa chini, kinyesi ni cha manjano na kijani. Homa ya matumbo ya kuku, ile wengi tunaita taifodi, imeingia. Unapanda boda hadi kwa agroveti, unarudi na pakiti ya antibiotiki na kuikoroga kwenye maji. Mara ya kwanza inafanya kazi. Mara ya tatu dawa ni ile ile, lakini kuku wanaendelea kuanguka. Bakteria wameizoea.

Sasa sikia hii. Mwaka 1919, kabla antibiotiki hazijafika madukani, kuna jamaa aliyepambana na ugonjwa huo huo katika mashamba ya Ufaransa bila pakiti yoyote. Alitumia virusi. Jina lake Félix d'Herelle.

Alizaliwa mwaka 1873. Maisha yake yote alisema kwao ni Montreal, Kanada, lakini waliochimbua rekodi baadaye walikuta alizaliwa Paris. Hakuwa na shahada ya udaktari. Alijifunza sayansi ya vijidudu mwenyewe, kwa vitabu na maabara aliyojitengenezea nyumbani. Kisha akaanza kuhangaika na dunia kama hasla yeyote: akapata kazi ya kuchunguza bakteria hospitalini Guatemala, halafu akaenda Mexico, ambako alipewa kibarua cha kutengeneza pombe kutokana na mabaki ya mkonge.

Huko Mexico, karibu mwaka 1910, nzige walivamia. Wakenya tuliowaona nzige mwaka 2020 tunajua hiyo si hadithi ya kuchekesha. D'Herelle aligundua kwamba baadhi yao walikuwa wanakufa kwa kuhara, akatoa bakteria kwenye matumbo yao na kuanza kuwatumia kama silaha dhidi ya nzige wengine. Alipokuwa akiwaotesha bakteria hao, alisimulia baadaye, aliona kitu cha ajabu: madoa madogo, ya mviringo, ambapo bakteria walikuwa wametoweka kabisa.

Madoa hayo hayakumtoka akilini. Mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto, alikuwa katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris akichunguza wanajeshi waliokuwa wakihara damu. Alichukua kinyesi cha wagonjwa, akakichuja kwa chujio laini lisilopitisha bakteria, kisha akayatia maji yaliyochujwa kwenye chupa yenye bakteria wa ugonjwa huo. Chupa iliyokuwa na ukungu ikawa angavu kama maji ya mto Mathioya kabla ya mvua. Kuna kitu kidogo kuliko bakteria kilikuwa kimewamaliza. Septemba 1917 matokeo yake yalisomwa mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Kitu hicho alikiita bakteriofaji, yaani mla bakteria. Kwa ufupi, faji. Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameandika juu ya jambo kama hilo mwaka 1915, lakini hakulifuatilia kwa kasi ya d'Herelle.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kuiona faji. Jules Bordet wa Ubelgiji, mshindi wa tuzo ya Nobel, alishikilia kwamba hicho si kiumbe, ni kimeng'enya tu kinachotoka kwa bakteria wenyewe. D'Herelle hakukubali. Alihesabu. Doa moja, alisema, ni faji moja iliyoanza kazi mahali hapo. Alipohesabu kadiri muda ulivyokwenda, aliona idadi haipandi polepole kama maji kwenye tangi. Inatulia, halafu inaruka ghafla. Inatulia tena, inaruka tena. Maana yake faji inaingia ndani ya bakteria, inazaana humo, kisha bakteria anapasuka na kumwaga watoto wote kwa mpigo.

Kwani nani anaamua bakteria apasuke saa ngapi? Hilo d'Herelle hakuwa na vifaa vya kulijibu. Jibu lilikuja miongo kadhaa baada ya kifo chake, na ni tamu.

Faji ikishaingia, inamlazimisha bakteria atengeneze protini zake. Moja inaitwa endolisini, nayo ni kama msumeno wa kukata ukuta wa bakteria. Lakini msumeno huo uko ndani, na kati yake na ukuta kuna utando. Hapo ndipo inaingia protini nyingine, holini. Holini zinajipanga kwenye utando moja moja, kimya kimya, bila kumdhuru bakteria. Zikifika kiwango fulani, zinakusanyika ghafla na kutoboa mashimo. Msumeno unatoka, ukuta unakatwa, bakteria anapasuka.

Holini ndiyo saa. Ikitoboa mapema, bakteria anakufa kabla watoto hawajawa tayari. Ikichelewa, faji inabaki imefungiwa ndani huku wenzake nje wakimaliza mawindo. Faji ya lamda ina ujanja zaidi: jeni moja inatengeneza holini pamoja na protini pacha inayoizuia, na uwiano wa hizo mbili ndio unaopanga dakika. Nyingine, T4, ikihisi faji zaidi zinabisha hodi kwa bakteria huyo huyo, inaelewa kwamba mawindo yamekuwa machache, basi inaahirisha kupasua na kuendelea kuzaana ndani.

D'Herelle hakusubiri kujua yote hayo. Mwaka 1919 alimtibu mvulana wa miaka 12 aliyekuwa mahututi kwa kuhara damu jijini Paris, na kabla ya kumpa dawa aliinywa yeye mwenyewe na madaktari wenzake. Mtoto akapona. Mwaka 1925 akiwa Misri, alidunga faji wagonjwa wanne wa tauni waliotolewa kwenye meli katika Mfereji wa Suez, njia ile ile ya meli za Mombasa kwenda Ulaya. Wote wanne walipona. Akaenda India kupambana na kipindupindu, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Hakuwa malaika. Alikuwa mgomvi, na aliamini faji zote ni za aina moja, jambo ambalo si kweli. Miaka ya 1930 alienda Tbilisi, Georgia, kusaidia taasisi ya rafiki yake Giorgi Eliava. Mwaka 1937 Eliava aliuawa na utawala wa Stalin, na d'Herelle hakurudi tena huko. Mwaka 1940 darubini ya elektroni ilipiga picha za faji, na ubishi wa Bordet ukaisha. Lakini penisilini ilikuwa njiani. Ilikuwa rahisi kutumia na ilifanya kazi kwa bakteria wengi, kwa hiyo nchi nyingi za Magharibi zikasahau faji. D'Herelle alifariki Paris mwaka 1949. Alipendekezwa mara nyingi kwa tuzo ya Nobel, hakuipata hata mara moja.

Leo antibiotiki zinachoka, mahospitalini na kwenye mabanda, na faji zinatafutwa upya. Ukipanda gari la Nairobi kutoka Kangema, utapita Kenol, Thika, halafu Juja, penye chuo cha JKUAT. Watafiti wa huko wameshachota faji kutoka maji ya magadi ya Ziwa Elementaita. ILRI, jijini Nairobi, wamekuwa wakitafuta zile zinazoua Salmonella wa kuku, ukoo ule ule wa bakteria wanaoleta taifodi bandani.

Na kila faji mpya ikifika maabara, huulizwa maswali mawili: inapasua bakteria baada ya dakika ngapi, na inamwaga watoto wangapi? Majibu bado hupatikana kwa njia ya yule jamaa asiye na shahada. Mtu anaketi na sahani yake, anahesabu madoa.