U Ba Khin: Mhasibu Mkuu aliyeingiza kimya ofisini

Najua hapo kafe dakika zinahesabiwa, kwa hiyo sizunguki. Leo tumkumbuke mhasibu mmoja. Msicheke. Majenerali na wanamuziki wanaandikwa kila siku, lakini mhasibu wa serikali aliyegoma kula, tena akawashinda waliokuwa wanakula, huyo hatumsikii.

Jina lake U Ba Khin, mtu wa Burma, nchi ambayo tangu 1989 inaitwa Myanmar. Hiyo U mwanzoni siyo jina la baba, ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema Mzee. Kwa hiyo ukimwita Mzee U Ba Khin umesema mzee mara mbili. Kwa kazi aliyofanya, mimi naona anastahili.

Alizaliwa Machi 6, 1899 mjini Rangoon, siku hizi Yangon, kwenye mtaa wa watu wa hali ya chini. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Darasani alikuwa kichwa, lakini hadithi hii mnaijua wenyewe: kufaulu ni kitu kimoja, hela ya chuo ni kitu kingine. Chuo hakwenda, nyumbani walimtegemea. Akaanza kazi kwenye gazeti, halafu akapata ukarani katika ofisi ya Mhasibu Mkuu. Mwaka 1926 akafaulu mtihani wa serikali wa uhasibu na kuanza kupanda ngazi.

Mpaka hapo ni mtu wa kawaida kabisa. Mambo yalibadilika Januari 1937. Jamaa mmoja alimwonyesha jinsi ya kukaa kimya na kufuata pumzi inavyoingia na kutoka puani. Hakuna hirizi, hakuna uganga. Karani akajaribu, akaona akili iliyokuwa inarukaruka inatulia. Haikupita muda akaomba likizo ya siku kumi, akaenda kujifunza kwa Saya Thetgyi, ng'ambo ya mto.

Huyo Saya Thetgyi hakuwa mtawa, alikuwa mkulima. Hili ni jambo kubwa. Kwa muda mrefu Wabudha wengi waliona kutafakari kwa kina ni kazi ya watawa walioacha dunia. Mtawa mmoja mashuhuri, Ledi Sayadaw, aliyefariki 1923, ndiye aliyehimiza kwamba hata mwenye mke, watoto na shamba anaweza. Mkulima akapokea kwake, na karani akapokea kwa mkulima.

Njia yenyewe inaitwa vipassana. Kwanza unaahidi mambo matano: huui, huibi, huzini, husemi uongo, hulewi. Halafu unafuata pumzi mpaka akili itulie. Halafu unapitisha akili mwilini, kutoka kichwani hadi miguuni, ukiangalia joto, mwasho, maumivu, bila kuvikimbia wala kuvifurahia. Maana yake ni hii: hasira na tamaa zinaanza mwilini kabla hazijafika mdomoni na mkononi. Ukizigundua zikiwa bado changa, hazikupeleki puta.

Mwaka 1941 alikuwa mhasibu wa shirika la reli, anasafiri na behewa lake la kazi. Wanafunzi wake wanasimulia kwamba siku moja behewa lilikatwa kimakosa kwenye stesheni ya Kyaukse. Badala ya kufoka, akapanda mlima wa karibu kumsalimia mtawa Webu Sayadaw. Mtawa akamwambia aanze kufundisha wengine, asingoje. Mwanafunzi wa kwanza akawa msaidizi wa mkuu wa stesheni, humohumo ndani ya behewa.

Burma ikapata uhuru Januari 4, 1948, na U Ba Khin akawa Mhasibu Mkuu wa kwanza wa nchi huru. Nchi ilikuwa imetoka kuchakazwa na vita vya dunia, na waasi wakaingia msituni mwaka huohuo. Ofisi za serikali zilikuwa zinanuka rushwa. Mzee hakuitisha semina. Mwaka 1950 akaanzisha chama cha kutafakari ndani ya ofisi ya Mhasibu Mkuu, akawafundisha wafanyakazi wake. Mwaka 1952 kikafunguliwa kituo kamili Rangoon, karibu na hekalu maarufu la Shwedagon. Asubuhi kituoni, mchana mafaili, jioni kituoni tena. Kuna kipindi serikali ilimpa kuongoza idara tatu au nne kwa mpigo, kwa sababu alimaliza kazi na hakuibiwa.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1956 Waziri Mkuu U Nu alimpeleka kwenye bodi ya serikali iliyouza mchele nje, penye hela za nchi. Kwa masimulizi ya wanafunzi wake, siku ya kuanza kazi maofisa wote waligoma. Walijua anakuja kufunga mirija. Wakabaki makarani wadogo tu. Mzee hakutuma wapatanishi wala hakupandisha sauti. Akakaa mezani, akafanya kazi na makarani waliokuwepo. Wiki kadhaa. Wakubwa wakarudi wenyewe, bila sharti lolote.

Msidhani alikuwa malaika mpole. Waliomjua wanasema alikuwa mkali. Tofauti ni kwamba ukali wake ulikwisha palepale ulipomaliza kazi yake.

Mwaka 1955 alikuja mfanyabiashara mwenye asili ya India, S. N. Goenka, mwenye kipandauso kikali mpaka anachomwa sindano za mofini. Mzee alikataa kumpokea kama shida ni kutibu kichwa tu. Goenka naye alikuwa Mhindu wa msimamo, aliogopa kugeuzwa dini. Alikaa siku kumi akatoka na Uhindu wake, na baadaye maumivu nayo yakamwachia.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 1962 Jenerali Ne Win alipindua serikali, uchumi ukaporomoka, na kutafakari kwa Mhasibu Mkuu hakukuzuia hayo. Mzee alitamani kwenda kufundisha nje, hakupata ruhusa. Alistaafu 1967, akafariki Januari 19, 1971. Goenka ndiye aliyeipeleka njia hiyo India mwaka 1969. Mwaka 1994 wafungwa zaidi ya elfu moja wa gereza la Tihar, Delhi, walikaa kimya siku kumi wakifundishwa kilekile alichofundishwa msaidizi wa stesheni.

Kwa nini nawaletea huyu? Kwa sababu sisi tukisema rushwa, tunaangalia juu. Sawa, juu kuna kazi. Lakini siku utakapoajiriwa, iwe kaunta, iwe bandarini, iwe zahanati, bahasha itakuja mezani kwako wewe, na mkono utawasha. Sekunde ile hakuna tume wala katiba, uko wewe na mwasho wako. Mzee huyu alitumia miaka zaidi ya thelathini kujizoeza kwa ajili ya sekunde hiyo. Wala huhitaji kuacha msikiti au kanisa kujizoeza kuitazama pumzi yako kabla hujajibu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Je, mtu mmoja msafi anaweza kusafisha ofisi, au ofisi humchafua kwanza? Toeni maoni, matusi baki nayo.