John Aitken na Siri ya Ukungu

John Aitken alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Falkirk, nchi ya Scotland. Alisomea uhandisi, lakini udhaifu wa mwili ulimzuia kuishika kazi hiyo. Hata hivyo hakuacha kutafuta ilimu. Alijiundia vyombo kwa mikono yake, akaichunguza hewa.

Mwaka 1880 alibainisha kuwa mvuke ukiingia katika hewa iliyochujwa vumbi haufanyi ukungu, na ukiingia katika hewa yenye vumbi, ukungu hutanda mara moja. Kisha akaunda chombo cha kuzihesabu chembe hizo zisizoonekana kwa jicho. Akaona kuwa idadi yake peke yake haitoshi: kwa vumbi lile lile, hewa ikiwa kavu milima ya mbali huonekana, na unyevu ukizidi hufichika. Sababu ni kuwa nyingi katika chembe hizo hunywa maji, zikavimba, zikatawanya nuru zaidi. Ndivyo chembe za chumvi ya bahari zinavyotufichia upeo siku za unyevu mwingi.

Alifariki mwaka 1919. Basi enyi ndugu, aliyekosa siha ameyafanya haya. Sisi tulio wazima tuna udhuru gani wa kuridhika na ujinga?