Padri wa Liuli na Hesabu ya Kuni

Liuli, katika mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, ndiko alikozikwa Mwingereza mmoja aliyeitwa William Percival Johnson. Alifariki hapo mwaka 1928, mwenye umri wa miaka 74, baada ya kuitumikia Afrika kwa zaidi ya nusu karne. Wakristo wa Kianglikana wa pande hizo wangali wakimheshimu kama mtume wa Nyasa. Sisi hatumwandiki leo kwa ajili ya mahubiri yake. Hayo yana wenyewe. Tunamwandika kwa sababu maisha yake yana funzo kwa watu wa visiwani na kwa watumishi wa serikali wanaopima viwanja vya miji ya mwambao.

Johnson mwenyewe alikuwa mtu wa kisiwani. Alizaliwa mwaka 1854 katika Isle of Wight, kusini mwa Uingereza, akasoma Oxford, na mwaka 1876 akafika Unguja pamoja na Askofu Edward Steere, akiwa mmisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Kutoka pwani alikwenda bara kwa miguu. Alikaa Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao, akafukuzwa huko mwaka 1881. Mwaka 1882 akaufikia mwambao wa Nyasa pamoja na mwenzake Charles Janson, ambaye alifariki muda mfupi baada ya kuliona ziwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Misheni zilikuja katika zama zile zile za wakoloni, nasi hatulisahau jambo hilo. Lakini mtu huyu hakuja kukaa barazani na kutoa amri. Kwa miaka mingi nyumba yake ilikuwa chumba cha melini na vibanda vya wenyeji. Alilala walikolala wenyeji, akala walichokula. Maradhi yalimpofusha jicho moja na kulidhoofisha la pili, naye hakuacha kwenda. Alijifunza lugha ya watu hata akaifasiri Biblia nzima kwa Kinyanja. Kama mzigo wa mtu juu ya ardhi ungepimwa kwa ratili, mzigo wa Johnson mwenyewe ungekuwa mwepesi kabisa.

Mzigo wa vyombo vyake haukuwa mwepesi. Mwaka 1885 misheni iliteremsha ziwani meli ya mvuke iliyopewa jina la marehemu Charles Janson. Mwaka 1901 ikafuata kubwa zaidi, Chauncy Maples, yenye jina la rafiki yake Johnson aliyezama ziwani mwaka 1895, mara baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu. Meli hiyo ililetwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, na tangi lake la kuchemshia maji, lenye uzito wa tani 11, lilikokotwa nchi kavu na mamia ya watu. Ilikuwa shule, ikawa zahanati, ikafika vijiji ambavyo mguu ulivifikia kwa shida. Lakini chakula chake kilikuwa kuni. Nazo meli za Wajerumani na za serikali ya Waingereza zilikula kuni hizo hizo, zilizokatwa katika vilima vya mwambao huu.

Tuvuke sasa hadi Likoma, ambako misheni iliweka makao yake mwaka 1885. Kisiwa hicho, ambacho leo ni cha Malawi, kina eneo la kilomita za mraba 18 tu. Watu walijazana huko kwa kuwa maji yaliwakinga na mashambulizi ya Wangoni. Usalama waliupata, lakini kila mtu alihitaji nguzo ya nyumba na kuni ya jiko, na miti ya kisiwa haikuongezeka kama watu walivyoongezeka. Ndugu zetu wa Likoma wamekuwa wakivuka maji kwenda upande wa Msumbiji kutafuta kuni. Hilo si kosa la Johnson peke yake, wala si kosa la wazee waliokimbia mikuki. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuihesabu miti.

Ndugu msomaji atasema kwamba watu wakibanana, nchi haina budi kuharibika. Sisi tunamwomba apande milima ya Mbinga. Wamatengo nao walibanwa na mashambulizi hayo hayo katika karne ya 19, wakajikuta kwenye miteremko mikali yenye mvua nyingi. Wao waliunda ngoro. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana mfano wa wavu, kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuufunika majani kwa udongo unaotoka shimoni. Mazao huota juu ya matuta, majani huoza na kuwa mbolea, na mashimo huyazuia maji yasiubebe udongo. Milima hiyo imelimwa hivyo vizazi kwa vizazi, na hata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikwenda kujifunza kwa wakulima wa huko.

Basi kisiwa na mlima vilibanwa na adui mmoja. Mlima uliwekewa utaratibu, na udongo wake ukabaki. Kisiwa hakikuwekewa, na miti yake ikaisha.

Leo mwambao unabanwa tena, safari hii na neema. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Lami imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na bandari mpya inajengwa. Sisi tunayafurahia hayo. Lakini kila nyumba mpya ya matofali ya kuchoma ni tanuri, na kila tanuri ni shehena ya magogo. Tusipoangalia, mji utafanya tena kazi ya meli za mvuke, na mji hauna nanga ya kutia ukapumzika.

Chama chetu nacho kina somo lake. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, mahali pengi nchini watu walipangwa kwa mistari kando ya barabara kabla haijaulizwa kuni zitatoka wapi na shamba litakuwa umbali gani. Kosa hilo lisirudiwe kwa ramani za kisasa.

Kwa hiyo watumishi wa halmashauri hawana budi kutenga kingo za mito na miteremko mikali kabla ya kugawa kiwanja cha kwanza. Shamba la miti ya kuni litangulie tanuri. Majengo ya umma yaoneshe mfano kwa kutumia matofali ya udongo na saruji yasiyochomwa. Na wazee wa Matengo waitwe mezani pamoja na wahandisi. Wananchi wa visiwa na mwambao nao wadai kuiona hesabu hiyo ya miti, kijiji kwa kijiji, kila mwaka, kama wanavyodai hesabu ya fedha. Kazi hiyo inaweza kuanzia Liuli yenyewe, kabla ya mvua zijazo.