Bibi Aisha na Jina Lake

Majina ya mabinti katika miji yetu ya pwani ni mengi, lakini machache yameenea kama hili. Huyu humwita bintiye Aisha, yule Asha, na mwingine Esha. Yote ni jina moja. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mwenye kuishi. Katika shina hilo hilo ndimo yalimotoka maneno yetu kuishi na maisha. Lakini si uzuri wa maana peke yake ulioliweka jina hili kwa karne hizi zote. Lililoliweka ni sifa ya mwenyewe.

Bibi Aisha (R.A.) alizaliwa Makka. Baba yake ni Sayyidna Abubakar Siddiq, na mama yake ni Ummu Ruman. Nyumba yake Madina ilikuwa chumba kilichopakana na msikiti, humo alifia Mtume (S.A.W.) mwaka 11 Hijria (632), na humo akazikwa. Bibi Aisha hakujaaliwa mtoto, akaitwa Ummu Abdillahi kwa jina la mwana wa dada yake, Abdillahi bin Zubeir. Wanafiki walipomzulia uongo, Mwenyezi Mungu alimtakasa kwa Aya za Suratun Nur.

Baada ya Mtume aliishi miaka 47, na chumba kile kikawa darasa. Hadithi zilizopokewa kwake ni 2,210. Masahaba wakubwa walimwendea kumwuliza mas-ala ya mirathi. Wala hakuwa mpokezi tu wa khabari, bali alizipima. Alipoambiwa kuwa Ibn Umar anasimulia kwamba maiti huadhibiwa kwa sababu ya kuliliwa na jamaa zake, hakumtuhumu uongo. Alisema kuwa amekosea au amesahau, akatoa hoja ya Kurani kwamba nafsi haibebi mzigo wa nyingine. Masahihisho yake ya namna hii yalikuwa mengi hata Imamu Zarkashi, aliyekufa mwaka 794 Hijria (1392), akayatungia kitabu mbali.

Katika fitina ya mwaka 36 Hijria (656) alitoka kwenda Basra, vikapiganwa Vita vya Ngamia. Kisha Sayyidna Ali akamrejesha Madina kwa heshima. Huko aliendelea kusomesha. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Urwa, mwana wa dada yake, na Bibi Amra binti Abdulrahman, ambaye hadithi zake Khalifa Umar bin Abdulaziz aliamrisha ziandikwe. Alifariki mwezi wa Ramadhani, mwaka 58 Hijria (678), akasaliwa na Abu Huraira, akazikwa Baqii usiku.

Jina lake lilianza kurithiwa katika ukoo wake mwenyewe: dada yake Ummu Kulthum alimzaa Aisha binti Talha, naye akawa mpokezi wa hadithi kwa khalati yake. Kutoka hapo likafika kila ulipofika Uislamu. Waturuki humwita Ayşe, na watu wa Senegal Aïssatou.

Basi, ndugu zangu, tuzingatie. Wapo miongoni mwetu wanaomwita binti jina hili kwa kutaka baraka, kisha akikhitimu Kurani pasi na kujua maana yake, humwambia kuwa hiyo yamtosha, na ilimu iliyobaki ni ya kaka zake. Jina hili limeishi kwa ilimu ya mwanamke aliyeulizwa akajibu, na akasikia kosa akalisahihisha. Anayempa bintiye jina la Aisha na ampe na darasa.