Liebig, kijana wa milipuko aliyetufunza kulisha shamba

Kama umewahi kubebeshwa pampu mgongoni kule Embu au Meru upulizie mimea mbolea ya majani, basi kuna Mjerumani unayefaa kumjua. Justus von Liebig alizaliwa Darmstadt mwaka wa 1803, babake akiuza rangi na kemikali. Shule haikumnogea. Kilichomnyima usingizi ni vitu vinavyolipuka.

Alipokuwa na miaka 13, mwaka wa 1816, baridi na mvua ziliharibu mavuno Ulaya baada ya volkano ya Tambora kuchafua anga, na watu wakalala njaa. Baadaye alisomea kemia Paris, na 1824 akawa profesa Giessen akiwa na miaka 21. Ndiyo, 21, umri ambao wengi wetu bado tunahangaikia HELB!

Kitabu chake cha 1840 kilieleza kwamba mmea hula madini ya udongoni, na kirutubisho kilicho haba zaidi ndicho huamua mavuno. Fikiria githeri: maharagwe gunia zima hayakufai kitu ikiwa maji ni kikombe kimoja. Kusema kweli, Carl Sprengel alitangulia kuligundua hilo, lakini Liebig ndiye aliyelipigia debe hadi likaitwa lake.

Usidhani kila kitu kilimwendea sawa. Mbolea aliyoiuza mwaka wa 1845 ilifeli vibaya. Aliitengeneza isiyeyuke ili mvua isiibebe, na mizizi nayo ikashindwa kuila.

Alifariki Munich mwaka wa 1873 bila kujua habari za zinki. Ilithibitishwa 1926 kwamba mimea haiwezi kuishi bila madini hayo. Na mpunga, kama ule wa Mwea hapo jirani na Embu, una shida ya kipekee: shamba likifurika maji, zinki hujifunga udongoni na mizizi haiipati. Majani hupata madoa ya kahawia, mmea unadumaa. Unaweza kumwaga DAP na yurea upendavyo, utapoteza pesa tu.

Ndiyo maana wengine hupulizia salfeti ya zinki majani moja kwa moja, takriban gramu 100 kwa pampu ya lita 20. Ukipulizia mapema unaokoa mavuno. Ukirudia mpunga ukishachanua, zinki zaidi huingia kwenye punje, na mtoto anayeikosa hudumaa na kuharisha mara kwa mara. Ila pima udongo kwanza, kabla hujakimbilia agroveti.